Ndala ya Mguu wa Kushoto

Ndala ya kijani, mguu wa kushoto,
kisigino kimelika upande mmoja.
Aliileta Mama Nyemo kabla ya mavuno ya zabibu:
"Nitilie kamba mpya, Fundi Malogo, nitapita Jumamosi."
Jumamosi zikapita kumi na saba, yeye hakupita.

Ndipo nikakata chura.

Kisu cha soli, mshumaa,
soloushen iliyobaki mkebeni.
Macho nilimtoboa kwa msumari wa moto,
miguu ya nyuma nikamfungia nyuzi za kiroba,
na ndoana mbili nikazilaza mgongoni, ncha juu,
zimebana kama paka aliyeficha kucha,
apite juu ya mayungiyungi asinase hata jani.

Mwanangu Chilewa akamweka kiganjani, akacheka:
"Kitendawili!"
Nikasema, "Tega."
"Haya," akasema, akanirudishia. "Nenda ukatege."

Hombolo, alfajiri ya mwezi wa saba.
Upepo unauma masikio.
Pembezoni bwawa limevaa magugu,
na pale nyavu zisipopita,
pale wenye mitumbwi wasipojihangaisha,
ndipo wanapolala kambale wakubwa
wenye sharubu kama mahakimu.

Nikamrusha. Akatua: pwa.
Nikangoja viduara vya maji vife vyenyewe.
Nikavuta kidogo. Nikaacha. Nikavuta.
Akatambaa juu ya jani, akasita ukingoni,
akadondoka kwenye kijishimo cha maji meusi
kama mlevi aliyeukosa mlango wa nyumba yake.

Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Ng'ombe walikuja, kweli, wakanywa hatua ishirini kutoka kwangu,
mchungaji akasimama kwa mguu mmoja, ananitazama.
Chura wangu hakuwa na kelele.
Alikuwa na jasho la mguu wa mtu.

Mara maji yakapasuka.
Mlango umepigwa teke kutoka ndani.
Chura hayupo, pana povu tu,
na mkono wangu, huu mpumbavu, ukavuta papo hapo.
Chura akarudi hewani, akanigonga kifuani,
mzima, analowesha shati.

Mchungaji: "Umemnyang'anya tonge mdomoni.
Mwache afumbe. Mwache ageuke. Ndipo."

Rahisi kusema. Jaribu wewe
kusimama na ufito mkononi, ulichokitaka kimekuja,
uhesabu moja,
uhesabu mbili,
na damu yote inasema sasa.

Mara ya pili nilihesabu.
Moja. Nailoni ikaanza kutembea yenyewe.
Mbili. Uzito ukaja, uzito wa kweli,
kama ndoo inapojaa kisimani.
Nikavuta, ufito ukapinda hadi ukalia,
nikaona kichwa, kipana kama kikaango,
nikaona mboga ya siku tatu na daftari za Chilewa,
halafu nailoni ikakatika, tii,
bila hasira yoyote.

Saa nne nikarudi kibandani.
Mama Nyemo amekaa kwenye benchi langu.
Alikuwa Mtera akimuuguza dada yake. Wamezika juzi.
"Ndala yangu?"

Kulikuwa na uongo mwingi wa kunifaa.
"Imo tumboni mwa kambale, mama."

Akanitazama. Akatazama shati langu lililolowa.
Kicheko kikamtoka kifupi, kina kutu,
kama bomba lililokaa muda bila maji.
Akafungua kikapu, akatoa ya kulia.
"Hii nimeibeba mpaka Mtera na kurudi, sijui kwa nini.
Haina mwenzake. Kata."

Nikaigeuza mezani, nikatafuta pa kuanzia kalamu.
Vidole vyake vitano vilikuwa vimejichimbia pale,
kile kidogo kimejitenga na wenzake.

Nikachora kando, nikivikwepa.